Kibanja Namba Nne

Ofisini kwetu tulikuwa na neno la "kusafisha", na hadi leo nikimsikia mtu wa kompyuta akilitamka natoka nje. Bosi akiingia asubuhi, kabla hata ya kuuliza umeamkaje, alikuwa anauliza kama nimesafisha. Nilikuwa najibu kwa furaha kwamba nimesafisha zamani. Hakuna kilichokuwa kichafu. Tulikuwa tunafuta maandishi, na ili tusijisikie vibaya tukayapa maandishi jina la takataka.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale Hamugembe, dirisha likitazama migomba ya jirani, kiasi kwamba mvua ikinyesha majani yake yalipiga nondo na hatukusikilizana. Tulikuwa wawili tu, bosi na mimi. Tulikuwa tumepewa kazi na mradi mmoja tutengeneze mfumo wa kusajili mipaka ya vibanja katika vijiji vya Muleba. Kwa asiye wa kwetu, kibanja ni ile ardhi ya nyumbani yenye migomba na kahawa, nyumba ikiwa katikati na makaburi ya wazee pembeni. Mtu anaweza kukosa vyote akawa bado ni mtu, lakini akikosa kibanja watu wanaanza kumuuliza katoka wapi.

Kazi ya kuandika mfumo ilikuwa yangu. Bosi alikuwa hodari wa kuongea na wageni.

Kanzidata yetu, yaani hifadhi ya taarifa za mfumo, ilikuwa na majedwali manne: la vibanja, la wamiliki, la mipaka na la mashahidi. Kila shahidi nilimfunga kwenye mpaka anaoushuhudia, na kila mpaka nikaufunga kwenye kibanja chake, ili asitokee shahidi anayening'inia tu hajulikani anasema nini. Ndivyo inavyotakiwa, na nilijisifu kwamba nimeipanga vizuri. Ubaya ni kwamba vifungo hivyo vinakera wakati wa majaribio. Unajaza data za uongo mia kadhaa, unaangalia mfumo unavyojibu, kisha unataka kuziondoa uanze upya. Ukisema futa kibanja, kanzidata inagoma, kuna mpaka umekiegemea. Ukisema futa mpaka, inagoma tena, kuna shahidi. Mwanzoni nilifuta kwa adabu, mashahidi kwanza, mstari baada ya mstari, na nilikuwa namaliza chai na chapati mbili kazi bado haijakwisha.

Baadaye nikajifunza amri nyingine. Hii haiangalii mstari hata mmoja. Inalishika jedwali zima na kulimwaga. Ukiiongezea neno moja inamwaga na kila kinachoegemea jedwali hilo, na ukiiongezea jingine inarudisha hesabu ya namba kwenye moja, ili kibanja kitakachoingizwa baada ya hapo kiwe namba moja, kana kwamba kabla yake hapakuwa na kingine. Nikaziweka amri hizo ndani ya skripti fupi, faili la amri zinazojiendesha zenyewe, nikaiita "fagia". Unaandika neno hilo, unabonyeza, kabla hujanyanyua kidole imekwisha. Bosi alipoiona aliniagizia soda. Siku hiyohiyo nikazima na utaratibu wa kutunza nakala upande wa majaribio, kwa sababu ulikuwa unatuchelewesha. Nilimwambia bosi, huku nacheka, kwamba hakuna mtu anayetunza nakala ya takataka.

Data zangu za uongo zilikuwa upuuzi mtupu. Mmiliki wangu mmoja aliitwa Ndizi Ndizi, mwenye umri wa miaka mia tisa tisini na tisa, na mpaka wake ulipita katikati ya ziwa. Nilikuwa na mwingine anaitwa Aaa. Nawataja ili ieleweke nilikuwa nawaza nini siku nilipokwenda Buganguzi.

Nilikwenda huko kuwafundisha watakaotumia mfumo. Tulikutana ofisi ya kijiji: mtendaji wa kijiji, mwanamke mtulivu aliyenizidi umri kidogo na ambaye hakuiacha kaunta buku yake kwapani hata sekunde moja, pamoja na wazee sita waliochaguliwa kuwa mashahidi wa mipaka. Wanakijiji wengine walikuja kutazama, wakakaa mlangoni. Nikawagawia vishikwambi viwili nilivyokuja navyo. Juu ya kioo kulikuwa na mstari wa njano ulioandikwa MAJARIBIO, nikawaeleza kwamba maana yake ni kuwa humu tunachezea tu, kwa hiyo watunge mtu yeyote, wamtungie kibanja na mipaka na mashahidi wa kubuni, wajaze, tuone.

Hakuna aliyejaza. Walitazamana. Mtendaji akaniuliza kwa Kihaya huyo mtu wa kutunga atakuwa mtoto wa nani. Nikasema wa yeyote. Akauliza amepakana na nani. Nikasema haijalishi, na nilianza kukasirika, kwa sababu nilikuwa na ratiba na wao walikuwa wananitazama kana kwamba nimewaomba waibe.

Mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mwenye koti na mabuti ya mpira, ndiye aliyenijibu.

"Mwanangu, mimi sijui kusimama mpakani kwa kujifanya. Kama kuna mpaka, twende."

Wenzake wakaitikia, na mimi nikaona nimepata watu wabishi. Aibu yangu ni kwamba nililijua jambo hilo. Mimi mwenyewe ni Mhaya, wa Kaagya. Nimemwona babu yangu akiitwa kushuhudia mpaka, na hakushuhudia akiwa amekaa kitini. Alitembea. Mpaka wetu ni mstari wa miti ya omulamula iliyopandwa na waliotutangulia, na shahidi hupita kutoka mti mmoja hadi mwingine, anaushika, anasema nani aliupanda na nani walikuwepo. Hakuna Mhaya mwenye akili zake atakayeshika omulamula wa watu na kusema uongo kwa mazoezi. Lakini nilikuwa nimesoma, nimefika na vishikwambi, na niliona hayo ni mambo ya kizee yanayonipotezea muda.

Mlangoni alikuwa amekaa mama mmoja mjane. Mtendaji akaniambia kwamba kwa kuwa tunataka mfano, basi twende kwa mama huyu, maana shauri lake lilikuwa linasubiri. Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa ameanza kusema kwamba sehemu ya chini ya kibanja, ile yenye udongo wa unyevu, migomba minene na mistari mitano ya kahawa, baba yao alimwazima tu kaka yake, hakumpa. Mama alikuwa na watoto wanne na walikuwa wanakula kutoka sehemu hiyo. Aliyekuwepo siku baba mkwe alipoigawa, na bado yu hai, alibaki mmoja tu, yule mzee wa mabuti. Na alikuwa anakohoa.

Basi tukaenda. Mzee alitembea kibanja chote, polepole, akipumzika kila alipofika kwenye mti. Aliongea kwa Kihaya, kwa kirefu, mkono wake ukiwa juu ya shina, na mtendaji akawa anaandika kwa Kiswahili kwenye kishikwambi kadiri alivyoweza. Mimi nilikuwa ubavuni mwa mzee na kishikwambi cha pili, nikichukua vipimo vya kila mti kutoka kwenye satelaiti. Mara moja mtendaji alifungua kaunta buku yake ili aandike na humo. Nikamwambia aifunge, kwamba mfumo umeletwa ili tuachane na makaratasi. Aliifunga bila kubisha. Mama alitembea nyuma yetu hadi tulipofika mwisho.

Alituletea akamwani, kahawa kavu ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo, tukatafuna tumesimama. Akaniuliza kibanja chake kimepewa namba ngapi. Nikatazama, kilikuwa cha nne siku ile, baada ya vitatu vya uongo nilivyojaribia asubuhi, nikamwambia nne. Akairudia kwa sauti ndogo. Akauliza kama sasa imeshaingia, nikamwambia imeingia, mama. Nilikuwa najua imeingia wapi, chini ya ule mstari wa njano. Nilijiambia kwamba Jumatatu nitaihamishia upande wa kweli, ule usiofagiwa.

Jumatatu asubuhi bosi alinipigia nikiwa njiani kwenda kazini. Wageni wa mradi walikuwa wameshafika mjini na wangepita ofisini saa nne kuona mfumo, na hakutaka wakute uchafu. Nilipofika nikafungua jedwali la mashahidi. Ningependa kusema nilisahau. Watu wengi wamenihurumia wakidhani nilisahau, na mara mbili tatu nimewaacha waamini hivyo. Sikusahau. Nilikiona kibanja namba nne na maelezo ya mtendaji, marefu, yamejaa koma. Kuyahamisha kulitaka niandike skripti nyingine ambayo sikuwa nayo, au nikae ninakili kila mti kwa mkono, na wageni walikuwa wanakuja. Nikajiambia kwamba watarudia. Nikajiambia kwamba watu wa kijijini wana muda.

Nikaandika "fagia", nikabonyeza.

Wageni walifurahi. Mfumo ulikuwa mweupe, nikawajazia mbele yao wamiliki watano wa kuchekesha, wakacheka, bosi akacheka kuliko wote. Walipoondoka alinipiga begani akasema mimi ni jembe.

Kinachonichukiza zaidi ya yote ni majuma yaliyofuata. Ilitosha nipige simu moja kwa mtendaji, nimwambie naomba mumtembeze tena mzee, kuna kosa limetokea. Namba yake nilikuwa nayo. Nilikuwa naitazama, kisha natafuta shughuli. Niliona aibu kumwambia mwanamke niliyemfungisha kaunta buku kwamba nimefuta kazi yake. Nilipanga kwenda mwenyewe, nikaahirisha, nikaahirisha tena, na kila asubuhi bosi aliuliza kama nimesafisha na kila asubuhi nilisafisha.

Mtendaji ndiye aliyepiga. Mzee alikuwa amefariki na wameshamzika. Shemeji hakungoja matanga yapoe, ameitisha kikao cha ukoo Jumamosi. Kwa hiyo wanaomba maelezo ya mzee niyachape na kuyagonga muhuri. Kisha akasema, kwa heshima ileile, kwamba amejaribu kuifungua namba nne mwenyewe, mama akiwa amekaa kando yake, lakini anadhani kishikwambi kina tatizo. Kishikwambi nilichomwachia kilikuwa bado upande wa majaribio, na mimi ndiye niliyetakiwa kukibadilisha.

"Hapa panaonyesha Ndizi Ndizi," aliniambia. "Miaka mia tisa tisini na tisa. Mama anauliza huyu ni nani kwenye kibanja chake."

Nilikuwa nimesimama dirishani. Nikamwambia nitakuja Jumamosi. Nikarudi kwenye kompyuta nikatafuta kila mahali, kwenye seva, kwenye kumbukumbu za mfumo, hata kwenye kishikwambi changu kilichokuwa kabatini, huku nikijua. Kishikwambi hufuta chake kikishatuma kwenye seva. Seva nilishaifagia. Nakala nilizizima kwa mkono wangu. Nilipomweleza bosi, aliuliza kama data hizo zilikuwa upande wa majaribio, nikasema ndiyo, akasema basi hatuna kosa, upande huo ni wetu tufanye tunavyotaka. Akarudi kwenye simu yake. Nilimtazama na kuona kinyaa, kisha nikatambua kwamba amesema tu kile nilichokuwa nimejiambia Jumatatu ile.

Jumamosi nilifika Buganguzi kabla ya saa tano. Kikao kilikuwa uani kwa mama, wazee wa ukoo kwenye benchi, wanawake kwenye mikeka, nyasi mbichi zimetandikwa chini kama ilivyo desturi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia shemeji. Kumbe alikuwa mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi, aliyeinuka kunipisha nikae na kunipa pole ya safari. Upole ule ulinifanya nimchukie vizuri zaidi, na sikuwa na haki hiyo.

Niliwaeleza yote. Nilijaribu kueleza upande wa majaribio na upande wa kweli, nikaona nyuso zao, nikaacha. Nikasema tu kwamba maneno ya mzee yaliandikwa, nami nikayafuta, na hayarudi. Mzee mmoja wa ukoo aliuliza kama nimelipwa na mtu niyafute. Nikasema hapana. Akauliza basi kwa nini, na nilipotafuta jibu nilipata lile la wageni wa saa nne tu, nikalisema. Akainamisha kichwa. Mtendaji alijaribu kusaidia. Alisema anakumbuka mzee alisema sehemu ya chini ilitolewa kabisa, lakini alipoulizwa ni nani walikuwepo na omulamula wa tatu ulipandwa na nani, alikiri kwamba siku ile alikuwa anafukuzana na kuandika, akimaliza mti mmoja anasikiliza mwingine, na aliamini mashine itamkumbushia. Shemeji akasema kwa sauti ya chini kwamba hata yeye angependa kuyasikia maneno ya mzee, tena sana, ila ndiyo hivyo hayapo.

Hapo mama akasimama.

"Lakini ulikuwepo, mwanangu," aliniambia. "Ulisimama karibu naye kuliko mimi. Na Kihaya unakijua. Waambie alichosema."

Wazee waligeuka kunitazama, na niliona kwamba walikuwa tayari kunisikiliza. Mimi si wa ukoo ule, sipakani na mtu pale, sina faida yoyote. Shahidi mzuri kuliko mimi wasingempata. Ilitosha niseme tu.

Nikakitafuta kichwani. Nilikumbuka kwamba kwenye mti wa kwanza satelaiti ilikosea kwa mita nne na nikamwomba mzee asubiri. Nilikumbuka betri ilikuwa asilimia thelathini na nane na niliiwazia njia nzima. Nilikumbuka picha ya mti wa tatu ilitoka na kivuli changu, nikaipiga tena. Nilimkumbuka mzee akikohoa, mkono wake ukiwa juu ya shina, mdomo wake ukienda. Alitaja watu. Nakumbuka kwamba aliwataja, na kwamba kwenye mti wa tatu alicheka kidogo, kuna jambo la siku ile lililomchekesha. Zaidi ya hapo sikuwa na neno lake hata moja. Nilikuwa nimesimama pembeni yake mti kwa mti, nikitazama kidoti cha buluu kwenye kioo.

"Sikusikiliza, mama," nilisema.

Aliendelea kunitazama kwa muda, nadhani akidhani bado nafikiri. Kisha akakaa, akaivuta kanga yake magotini. Hakunitukana. Ningetoa chochote anitukane.

Wazee walikwenda pembeni, wakazungumza, wakarudi. Walisema bila shahidi hawawezi kumnyima shemeji, mtoto wa marehemu mzee wao, anachodai ni cha baba yake. Mpaka utapita upande wa juu wa mistari ya kahawa, sehemu ya chini iwe ya shemeji. Mama atabaki na sehemu ya juu yenye nyumba na ile migomba michache inayokauka kila kiangazi. Shemeji alishukuru, akasema watoto wa kaka yake hawatalala njaa yeye akiwepo. Mchana uleule akakata vipande vya omulamula kwa panga, akavichomeka ardhini kimoja baada ya kingine mbele ya watu wote. Mti ule hauhitaji hata mizizi, unashika wenyewe.

Nilifikiri nimemaliza, nikaanza kuaga. Mtendaji akaniita. Alisema kwa kuwa nipo, na kikao kimeshaamua, ni vizuri jambo hili lisajiliwe leo, lisije likapotea. Hakulisema kwa kejeli, alikuwa anafanya kazi yake. Nikakibadilisha kishikwambi, mstari wa njano ukatoka. Tukatembea mpaka mpya, mti kwa mti, na safari hii nilisikiliza kila neno, jina la kila aliyekuwepo, nani kapanda, saa ngapi. Mpaka leo naweza kuyasema yote. Upande wa kweli nakala hutunzwa mara mbili kwa siku, sehemu mbili tofauti, na amri yangu ya kumwaga haifiki huko, niliizuia mwenyewe.

Mwisho mfumo ukadai alama ya kidole ya mwenye kibanja. Mama alikuwa ametoka kumenya ndizi na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu. Akanipa mkono. Nikaupangusa kwa kitambaa changu, nikakishika kidole gumba chake, nikakibonyeza kwenye kioo, na mashine ikakipokea mara ya kwanza.